Kabla ya Kununua Mzizi, Pimwa Sukari

Mwanamume wa Kivaa, huku Masinga katika kaunti ya Machakos, anayeona jogoo hapandi mtungi hana haja ya kwenda mbali kutafuta dawa. Siku ya soko atakuta mizizi ya mukombero iliyosafirishwa kutoka magharibi mwa Kenya, unga wa miti shamba ndani ya vichupa vya plastiki, na vidonge vinavyouzwa kimojakimoja bila karatasi ya maelezo. Atalipa, ataficha mfukoni, ataondoka. Muuzaji hatamuuliza anaamka mara ngapi usiku kwenda haja ndogo, wala hatamfunga mkanda wa presha mkononi. Hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu shida iliyomleta sokoni mtu huyo mara nyingi ndiyo habari ya mapema kabisa kuhusu moyo wake, mishipa yake na sukari yake, na habari hiyo imekwenda kwa mtu asiyejua kuisoma.

Kila anayelalamika kuhusu tendo la ndoa au kukosa mtoto anapaswa kupimwa sukari, presha na kiuno siku hiyohiyo, kabla ya kupewa kitu chochote cha kumeza. Na kila mwenye kadi ya kisukari au presha anapaswa kuulizwa mambo ya chumbani kwake jinsi anavyoulizwa kama ana ganzi miguuni. Mambo haya mawili kwetu yametenganishwa. Kliniki ya kisukari inazungumzia chakula na figo. Nguvu za kiume zimeachiwa soko. Kukosa mtoto kumeachiwa wakwe.

Tuanze na mwanamume. Uume husimama kwa damu. Hamu ikija, neva pamoja na utando wa ndani wa mishipa hutoa gesi iitwayo naitriki oksaidi. Gesi hiyo hulegeza misuli ya mishipa, damu ikaingia kwa wingi na kuzuiliwa humo. Wamarekani watatu, Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad, walitunukiwa Nobel mwaka 1998 kwa kueleza kazi ya gesi hii mwilini, na mwaka huohuo ndipo sildenafili, ambayo wengi wanaijua kama Viagra, ilipoidhinishwa Marekani. Kidonge hicho hakitengenezi gesi. Kinachofanya ni kuzuia kimeng'enya kinachofuta ujumbe wake. Kwa hiyo kama utando umechakaa na gesi yenyewe haitoki ya kutosha, kidonge hakina cha kukiongezea nguvu, na mwenye kumeza huishia kuongeza kipimo hadi anaumwa kichwa.

Utando huo huchakazwa na vitu vinavyojulikana: sukari iliyokaa juu kwa miaka, presha, sigara, mafuta mabaya katika damu. Sukari huharibu na neva zinazobeba ishara. Kisha kuna suala la kipenyo. Mishipa inayopeleka damu kwenye uume ina upana wa milimita 1 hadi 2, wakati ile ya moyo ina milimita 3 hadi 4. Ugonjwa ni uleule mwili mzima, lakini mshipa mwembamba ndio unaoanza kushindwa. Ndiyo sababu mwanamume anaweza kuona mabadiliko kitandani miaka 2 hadi 5 kabla ya kifua kuanza kumbana akipanda mlima. Fikiria miaka hiyo ina thamani gani kwa mtu wa miaka 45 mwenye watoto shuleni. Ni muda wa kutosha kushusha presha, kuacha sigara na kurudisha sukari chini. Akiutumia kubadilisha wauza mizizi, moyo wake unaendelea kuumia bila mtu kujua.

Miongoni mwa wanaume wenye kisukari, uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi na kuchapishwa mwaka 2017 ulikuta zaidi ya nusu wana upungufu wa nguvu za kiume, na utafiti mkubwa wa wanaume wa Massachusetts, Marekani, ulionyesha kwamba unawafika mapema kwa miaka 10 hadi 15 kuliko wenzao. Katika kliniki nyingi za hapa kwetu mwanamume atahudhuria mwaka mzima, apimwe, aandikiwe metfomini, na asisikie swali hata moja kuhusu jambo hili. Yeye hasemi kwa aibu. Anayemhudumia hamuulizi kwa heshima. Mkewe anadhani amepata mwingine.

Kitambi nacho kina kazi yake. Mafuta ya tumboni yana kimeng'enya kinachogeuza testosteroni kuwa homoni ya kike, na mwili ulio sugu kwa insulini hupunguza ishara kutoka ubongoni zinazoamuru korodani zifanye kazi. Hamu inashuka, uchovu unapanda, na mbegu zinaweza kupungua idadi na kasi. Mbegu ya kiume huchukua takriban miezi mitatu kutoka kuanza kutengenezwa hadi kutoka. Kwa hiyo kipimo cha shahawa cha leo kinaeleza maisha ya robo mwaka iliyopita, na mtu aliyebadilika wiki iliyopita asikate tamaa kwa matokeo ya wiki hii.

Najua kuna atakayesema haya ni magonjwa ya Nairobi. Watafiti wa Denmark na Kenya waliwahi kuwapima sukari Waluo, Wakamba na Wamaasai wa vijijini pamoja na wakazi wa mjini, na kuchapisha matokeo mwaka 2009. Kwa jumla asilimia 4.2 walikuwa na kisukari. Mjini hali ilikuwa mbaya zaidi kuliko vijijini, kama ilivyotarajiwa. Lakini namba inayonishughulisha mimi ni nyingine: asilimia 12.0 mwili wao ulikuwa umeanza kushindwa kuimudu sukari bila kufikia kiwango cha kuitwa wagonjwa. Hawa hawana kadi wala dalili ya kuwapeleka hospitali. Kama kuna kitu kitakachowagutusha, huenda kikawa ni chumbani. Na uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulikuta karibu Wakenya watu wazima 88 kati ya 100 hawajawahi kupimwa sukari maishani mwao.

Kivaa yenyewe imebadilika. Mlima ni uleule, na bwawa la Masinga lililokamilika mwaka 1981 bado lina samaki, lakini sahani si ileile. Muthokoi na mbaazi, kunde, mtama na mawele bado vipo katika nyumba nyingi, na ni chakula kizuri: vina nyuzinyuzi, na sukari yake huingia mwilini taratibu. Kilichoongezeka ni vile vinavyoliwa katikati ya milo. Chai ya asubuhi yenye vijiko vitatu vya sukari na mandazi mawili ya unga mweupe. Chapati ya saa nne. Soda ya mchana kwa sababu jua ni kali. Zamani jembe na madumu ya maji yalichoma hayo yote. Siku hizi bodaboda inapanda hadi mlangoni.

Kisha kuna muguka, majani ya kutafuna. Ng'ambo ya Tana ni Mbeere, mashamba yenyewe ya muguka, kwa hiyo majani yanafika upande huu yakiwa mabichi na kwa bei ya chini. Tazama kijana wa bodaboda jioni: kifurushi cha majani kwenye paja, jojo tamu mdomoni ili kuvunja uchungu, chupa ya soda kando ya gurudumu. Majani yanamwondolea njaa, kwa hiyo chakula cha jioni anakiruka, anakesha, na saa nane usiku anakula chochote kilichobaki. Kemikali iliyomo hupandisha presha na mapigo ya moyo. Kuhusu athari ya majani yenyewe kwa mbegu za kiume tafiti hazijakubaliana, na sitamtisha mtu kwa jambo ambalo wanasayansi bado wanabishania. Lakini usingizi uliokatika, sukari ya soda na jojo kila jioni na presha iliyopanda vinatosha kumharibu kijana wa miaka 30. Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilijaribu kupiga muguka marufuku Mei 2024, na mjadala ukawa wa biashara na siasa. Afya ya uzazi ya wanaoutafuna haikupata nafasi.

Sasa wanawake, ambao kwa jambo hili wamebeba lawama muda mrefu kuliko mtu yeyote. Ukambani kuna ndoa ya iweto: mwanamke asiyejaliwa mtoto, au asiye na mtoto wa kiume, anaoa mwanamke mwingine kwa ajili ya nyumba yake ili amzalie. Sitaki kuidharau desturi hiyo. Iliwapa wajane na wagumba nyumba na warithi. Lakini angalia mahali inapoanzia. Inaanza kwa kukubali kwamba mkosefu ni mke. Mume hupimwa mwisho, kama anapimwa kabisa, ilhali katika takriban nusu ya ndoa zinazokosa mtoto kuna tatizo upande wa mwanamume, peke yake au pamoja na mkewe. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2023 kwamba karibu mtu mmoja kati ya sita duniani hukumbwa na ugumba wakati fulani wa maisha yake. Kivaa haiwezi kuwa nje ya hesabu hiyo.

Kwa mwanamke, uhusiano wa sukari na uzazi hupitia ovari. Insulini ikishindwa kufanya kazi vizuri, kongosho huongeza kiasi chake. Ovari hupokea insulini hiyo ya ziada kama amri ya kutengeneza homoni za kiume kupita kiasi. Mayai yanaanza kukua lakini hayapevuki. Hedhi inakuja baada ya miezi miwili, mitatu, au inapotea. Chunusi zinatoka, ndevu chache zinaota kidevuni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hali hii ya vifuko vingi kwenye ovari inawapata wanawake 6 hadi 13 katika kila 100 walio katika umri wa kuzaa, na kwamba hadi asilimia 70 yao hawajui. Wembamba nao huipata. Kijijini anaambiwa amerogwa, au alitoa mimba akiwa shuleni, au zile sindano za uzazi wa mpango zimemwozesha tumbo. Nimesikia hayo yote, na hakuna hata moja linalochukua nafasi ya kumuuliza tarehe za hedhi yake na kumpima.

Dawa zipo, na si za kutisha. Mwenye uzito mkubwa akipunguza asilimia 5 hadi 10 tu, yaani kilo 4 hadi 8 kwa mtu wa kilo 80, mayai mara nyingi huanza kupevuka yenyewe. Asipofanikiwa kuna letrozoli, dawa ya kupevusha mayai. Utafiti wa wanawake 750 uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba waliotumia letrozoli walijifungua mtoto hai kwa asilimia 27.5, dhidi ya 19.1 kwa waliotumia klomifeni ya zamani. Lakini wanandoa wengi hawafiki hapo. Wanasikia kwamba Nairobi watoto wa kupandikizwa wamekuwa wakizaliwa tangu mwaka 2006, wanaanza kuhesabu ng'ombe na shamba, na hakuna aliyewapima sukari wote wawili.

Kuhusu tendo lenyewe, mwanamke mwenye kisukari anaumia kwa namna ambayo hakuna hata mchuuzi mmoja wa sokoni anayeiuzia dawa. Ukeni kunakauka, fangasi wanarudi kila wanapotibiwa kwa sababu sukari inawalisha, hisia zinafifia neva zikidhoofika. Anavumilia maumivu, au anakwepa, na nyumba inaingia ubaridi. Fangasi wanaorudi mara ya tatu ndani ya mwaka ni sababu tosha ya kupima sukari, na nawasihi wenye maduka ya dawa wa Kivaa na Masinga walikumbuke hili kabla ya kufungua tyubu nyingine ya krimu.

Na kwa anayetaka mimba huku ana kisukari, muda ndio kila kitu. Moyo, ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hutengenezwa katika wiki za mwanzo kabisa, wanawake wengine wakiwa hawajajua kama ni wajawazito. Kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, kile kinachoandikwa HbA1c, kinafaa kishuke chini ya asilimia 6.5 kabla ya kushika mimba. Kikiwa juu ya 10 ni heri kusubiri. Asidi ya foliki ianzwe kabla. Dawa za presha ziangaliwe upya, kwa sababu enalapri na losatani, ambazo hutumika sana, hazifai kwa mjamzito. Mwanamke asiziache mwenyewe. Aseme tu: "Daktari, natafuta mtoto," na daktari atabadilisha.

Hapa lazima niseme jambo ambalo wengi wanaoandika juu ya unene hulisahau. Njaa nayo huharibu uzazi. Mwili uliopungukiwa na mafuta huamua wenyewe kwamba huu si wakati wa kuzaa: homoni inayotoka kwenye mafuta hushuka, ubongo unakata ishara, hedhi inakoma. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020 misimu mitano ya mvua mfululizo ilishindwa katika sehemu kubwa ya maeneo kame ya Kenya, na wanawake waliokonda wakakosa hedhi wakadhani wamefika ukomo mapema. Kuwaambia hao wapunguze uzito ni kuwaonea.

Njaa huacha alama hata kwa wasioikumbuka. Mjini Amsterdam, wanasayansi waliwapima sukari watu waliokuwa tumboni wakati wa njaa ya vita ya mwaka 1944 hadi 1945. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1998 yalionyesha kwamba wakiwa na miaka 50 hivi miili yao iliimudu sukari vibaya zaidi, hasa walionenepa baadaye. Mwili uliojengwa wakati wa uhaba hujiandaa kwa uhaba. Ukambani ulipigwa na ukame mkali mwanzoni mwa miaka ya 1980, na tena mwaka 1984. Waliokuwa tumboni wakati huo sasa wako katika miaka ya arobaini, umri uleule ambao kisukari huanza kujitokeza na nguvu kupungua, na sasa ukweni na kwenye sherehe kuna soda. Mtu wa umri huo, aliyezaliwa Masinga au Yatta miaka ile, sioni sababu ya kumsubirisha hadi anenepe ndipo apimwe.

Sukari pia isipewe lawama yote. Kisonono na klamidia visivyotibiwa bado vinaziba mirija ya wanawake na kuharibu ya wanaume. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani wa mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulikuta maambukizi ndiyo chanzo kikuu cha ugumba wa wanawake Afrika, na anayetafuta mtoto lazima achunguzwe hayo pia. Kuna msongo wa mawazo, kuna pombe, kuna dawa. Baadhi ya dawa za zamani za presha zinaweza kulegeza uume, na wanaume wanaligundua haraka, wanaacha kumeza kimyakimya, kisha kiharusi kinawakuta shambani. Rudi useme, ipo nyingine.

Vidonge vya sokoni navyo vina hatari iliyojificha. Maabara za nchi mbalimbali zimekuta mara kwa mara kwamba bidhaa zinazouzwa kama miti shamba tupu zimetiwa sildenafili ya kiwandani, kwa kipimo kisichoandikwa popote. Mgonjwa wa moyo anayetumia dawa za naitreti kwa ajili ya kifua akichanganya na hiyo, presha yake inaweza kuporomoka hadi afe. Sildenafili iliyoandikwa na daktari baada ya kukupima ni dawa nzuri na sina ugomvi nayo.

Na je, mwili ukitunzwa, nguvu zinarudi? Mwaka 2004 watafiti wa Naples, Italia, walichapisha matokeo ya wanaume 110 wanene wenye tatizo hili ambao hawakuwa na kisukari. Nusu walielekezwa kwa karibu namna ya kula na kutembea kwa miaka miwili. Nusu wakapewa maelezo ya jumla. Katika kundi la kwanza, wanaume 17 walirudia hali ya kawaida. La pili, 3. Bila kidonge. Si wote, na nisingependa mtu adanganywe kwamba ni wote. Aliyekaa na sukari ya juu kwa miaka 15, neva zikishakufa, atahitaji msaada wa dawa. Lakini theluthi moja hivi waliorejea kwa chakula na miguu ni zaidi ya mzizi wowote ninaoujua.

Kuanza ni leo, nyumbani. Chukua uzi, simama, mwenzako apime urefu wako kutoka kisigino hadi utosini. Ukunje uzi huo katikati na uzungushe kiunoni juu ya kitovu bila kuvuta pumzi ndani. Ncha zisipokutana, kiuno chako kimezidi nusu ya urefu wako na una sababu ya kwenda kupimwa hata kama mizani haikusemi. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ikifika 7.0, rudia siku nyingine. Ikirudia, ni kisukari. Kati ya 6.1 na 6.9 wanaweza kupatikana baadhi ya wale niliowataja, wasio na kadi. Presha ya 140 juu ya 90 inahitaji ufuatiliaji.

Vifaa haviko mbali tena. Septemba 2023 serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini, kila mmoja na mkoba wenye mashine ya sukari na ya presha. Anayepita Kivaa na mkoba huo mara nyingi ni mama wa jirani, na mzee wa miaka 50 hatamweleza mama wa jirani siri ya kitandani. Haitakiwi amweleze. Amtolee kidole, achukue namba, apelekwe kituo cha afya na namba hiyo mkononi. Swali ni la mhudumu wa kituoni, mlango ukiwa umefungwa, na naomba kaunti ya Machakos iliweke kwenye kadi ya kliniki ya kisukari na presha, chini ya macho na miguu: kwa mwanamume, kama nguvu zimepungua na tangu lini, kwa mwanamke, hedhi ya mwisho, maumivu wakati wa tendo, na kama anatafuta mtoto. Nafasi ya mistari minne inatosha. Wanaotafuta mtoto waitwe wawili, mke na mume, na wapimwe asubuhi moja, mume akitangulia.